Bei ya Miaka Saba

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la dawa,
Malindi, njia ya kwenda soko la zamani:
feni moja, kiti cha mteja kimefungwa waya mguuni.
Bi Mwanasiti Famau alipanda ngazi ishirini na mbili
na kila ngazi aliihesabu kwa sauti,
ili akifika nijue nina deni lake.

"Mwanangu amejifungua, huko Bergamo," akasema.
"Ubalozi haunitaki mimi, unataka karatasi yako."

Nikawasha mashine. Mashine huuliza, mimi hutafsiri.

Siku ngapi?
"Arobaini. Uzazi una arobaini yake, hata kwenye theluji."
Nikamwambia mwezi mmoja una bei yake,
ukizidisha siku moja tu umeingia daraja jingine,
kama tuktuk ikivuka daraja la Sabaki.
Akanitazama kana kwamba nimemwambia
ampunguzie mzazi uji.
"Andika arobaini."

Sukari unayo?
"Naitia kwenye mkate wa sinia kila alfajiri."
Ya damu, Bi Mwanasiti.
Akanyamaza. Chini yetu mtu alikuwa ananunua dawa ya kikohozi,
akibembeleza auziwe nusu chupa.
"Andika kidogo."
Mashine haina kidogo. Ina ndiyo, ina hapana.
Ningeweza kubonyeza hapana; wengi huniomba.
Lakini nimewahi kuiona hapana siku ya kudai fidia,
imevaa miwani, inasoma majibu ya zamani mstari kwa mstari,
na mgonjwa yuko kitandani, ugenini, hajui lugha.
Nikabonyeza ndiyo.
Tarakimu zikapanda bila kupumzika ngazini.

Utateleza kwenye barafu? Utakwea milima?
Akacheka hadi buibui likamporomoka begani.
"Weka hapana, usije ukanivunja humu humu."
Hapo hatukuongeza kitu.

Tukakata palipokatika.
Mzigo ukipotea: "Mzigo gani? Bizari na kanga sita." Tukaufuta.
Fedha za mwanzo za daktari atazitoa mwenyewe;
tukazikuza kiasi hicho, bei ikashuka shingo upande.
Kurudisha maiti, akataka tukuondoe:
"Nikifa wanizike papo hapo, mchanga wote wa Mungu."
Hakuondoki, nikasema. Kumo ndani ya bei.
"Kumbe kifo mnakitoa kama nyongeza."

Kisha mwaka wa kuzaliwa.

Pasipoti ilisema hamsini na nne, Januari mosi,
siku ambayo nusu ya mtaa wa Shella ilizaliwa
mbele ya karani mwenye haraka.
Umri ukavuka sabini. Bei ikawa mara mbili.

"Mimi ni wa mwaka wa mafuriko," akasema polepole,
"yale ya kabla ya uhuru. Maji ya Sabaki yalimeza mahindi,
mama akanizaa juu ya dari, nyanya ameshika taa.
Siku ya kitambulisho nilikuwa nimefiwa na mume, wiki haijesha.
Yule karani hakuniuliza mengi.
Alinitazama uso, akaandika alichokiona."

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Sitini na moja, toa hamsini na nne.
Mtu mwenye kalamu alimwongezea miaka saba
kwa huzuni ya wiki moja,
na mimi, karani mwingine, ndiye ninayeitoza.
Nilitafuta kisanduku cha kuandika haya.
Hakuna.

Alilipa. Noti za mia mia, zinanukia iliki,
zimekunjwa zikabana kama vipande vya mkate.
Nikampigia muhuri. Akaipuliza karatasi wino ukauke,
akaitia kifuani.

Mlangoni akageuka.
"Kadzo, mwanangu,
hii miaka saba niliyoilipia na sikuiishi,
nikirudi salama,
fomu ya kuidai iko wapi?"

Nikavuta droo.
Sijui kwa nini nilivuta droo.